Umepandikizwa figo? Hivi ndivyo ninavyojilinda na fangasi

Figo niliyonayo ni ya kaka yangu, nilipandikizwa mwaka 2019. Saa 1 asubuhi na saa 1 usiku nameza takrolimasi ili mwili usiikatae. Dawa hiyohiyo hushusha kinga, na fangasi ambao jirani yangu huwavuta kwenye vumbi bila kudhurika, kwangu wanaweza kuota mapafuni au kufika kwenye ubongo.

Anza na kinywa. Asubuhi kabla ya kupiga mswaki, washa tochi ya simu mbele ya kioo, toa ulimi, kisha vuta mashavu utazame ndani. Utando mweupe kama maziwa ya mgando huenda ni kandida, fangasi wa kinywani. Ukimeza tonge likachoma kifuani, pengine umeshashuka kooni.

Ukiuona, nakusihi, usikimbilie duka la dawa. Mwezi wa 4 baada ya upasuaji niliuziwa flukonazoli, dawa ya fangasi, dirishani, wala sikuulizwa natumia dawa gani. Mimi ni fundi cherehani. Siku ya 5 mikono ilitetemeka hata nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Flukonazoli huzuia takrolimasi isivunjwe mwilini, ikajaa kwenye damu na kuumiza figo. Kreatinini yangu, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, ilishapanda. Flukonazoli yenyewe si mbaya. Daktari aliiendeleza, ila alipunguza takrolimasi na kupima kiwango chake. Siku ya kipimo hicho dozi ya asubuhi ya takrolimasi ibebe mkobani, uimeze ukishatolewa damu.

Banda la kuku au njiwa asafishe mtu mwingine, nawe ukae mbali: kinyesi cha ndege kikikauka, vumbi lake laweza kubeba kriptokokasi, fangasi anayeweza kufika kwenye ubongo. Mahindi yaliyoota ukungu, majani makavu ya ng'ombe na ukuta unaobomolewa vyaweza kuwa na aspajilasi, fangasi anayeota mapafuni. Septrini ukipewa, usiiache mpaka daktari aseme. Inazuia nimonia ya fangasi.

Kichwa kikiuma siku kadhaa usiseme ni malaria tu, hata kama homa ni ndogo na shingo haijakakamaa. Nenda siku hiyohiyo, na neno la kwanza liwe, "Nimepandikizwa figo." Omba damu ipimwe kriptokokasi, wakitaka kutoa maji ya uti wa mgongo, kubali. Kikohozi kisichokoma, hasa chenye damu, nacho kisilale nyumbani.

Dawa zangu zote nimeziandika kwenye karatasi niliyoibandika nyuma ya kadi ya kliniki. Mwanangu mkubwa anajua ilipo.