Kuunda Lancaster ya plastiki (modeli ya ndege ya mabomu ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia), usiikimbilie
Jamani hii ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe, mabawa peke yake ni kama sentimita 43, tafuta meza kwanza. Vioo vya rubani na vya wapiga bunduki usitie supagluu, ule mvuke wake unaviacha na ukungu mweupe, mimi changu kimoja kiliharibika hivyo nikabaki nakitazama tu, tumia gundi nyeupe ya mbao. Injini zote 4 zipachike kwanza bila gundi uone zinakaa vipi, nyufa ziba na puti, msasa. Rangi: juu kijani kiza na kahawia, chini nyeusi maana ilikuwa ikishambulia usiku, lakini nyeusi tupu yafanana na kitako cha sufuria ya pilau, changanya kijivu kidogo. Na mvua za Mei hapa Mombasa usipulize, unyevu utaipausha rangi, ngoja jua.