Ukiambiwa chupa ya maji imewasha fyusheni, muulize hivi

Kuna jamaa hakosekani, anakutumia video ya chupa ina vyuma viwili na mapovu anakwambia hii ndo nyuklia baridi, yaani fyusheni (viini vya atomi kuungana na kutoa nishati) bila joto kali, wakubwa wameificha. Usimcheke kwanza, maana kemia kweli inaweza kugusa kiini cha atomi, sema inakigusa kidogo mno, na hicho kidogo ndo cha kujifunza kukipima.

Anza na saizi. Moto wa mkaa, betri, kutu, vyote vinacheza kwenye elektronivolti (kipimo kidogo sana cha nishati) chache kwa kila atomi, nyuklia inacheza kwenye mamilioni. Kemia inachosogeza ni elektroni tu. Chukua beriliamu-7, atomi ya mionzi, hii inaoza (inageuka atomi nyingine) kwa kumeza elektroni yake yenyewe na nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu ya atomi kuoza, ni siku 53 hivi, ukiibadilishia mazingira ya kikemia hiyo namba inahama kama asilimia moja, basi. Ukitaka makubwa uvue elektroni zote kama walivyofanya wanasayansi wa Darmstadt, Ujerumani, kwa reniamu-187, atomi nyingine ya mionzi: nusu-maisha kutoka miaka bilioni 42 ikashuka hadi kama 33, miaka thelathini na tatu tu jamani! Ila hapo tumeshatoka kwenye kemia, hakuna chupa inayoweza hiyo kazi.

Halafu ulizia nyutroni, chembe zinazoruka kutoka kwenye kiini, kabla ya joto. Wanakemia Fleischmann na Pons kule Utah, Marekani, tarehe 23 Machi 1989, walitangaza paladiamu (aina ya chuma) ndani ya maji mazito, yaani maji yenye dyuteriamu (haidrojeni nzito), imetoa joto la ziada, wakasema ni fyusheni. Sasa dyuteriamu mbili zikiungana, karibu nusu ya mara inatoka nyutroni, yaani wati moja tu ya joto la hivyo ni karibu nyutroni trilioni moja kila sekunde, aliyesimama pembeni angekuwa marehemu. Wao walikuwa wazima kabisa, wanaongea na waandishi.

Joto nalo lina ujanja wake. Ushapika uji ukaacha kukoroga? Chini unaungua, juu bado vuguvugu. Chupa isiyokorogwa ni hivyo hivyo, kipimajoto kinasoma pale kilipo tu. Na yale mapovu ni dyuteriamu na oksijeni, yakirudi kuungana ndani humo humo yanarudisha joto ambalo mtu alishalihesabu kwamba limetoka na gesi, kwa hiyo uliza gesi ilienda wapi na nani aliipima.

Kama unataka mfano wa kazi iliyofanywa vizuri, angalia ya University of British Columbia, Kanada, mwaka 2025. Walirusha ayoni (atomi zenye chaji ya umeme) za dyuteriamu kwenye paladiamu upande mmoja, upande wa pili wakaijaza dyuteriamu zaidi kwa umeme na maji mazito, fyusheni ikapanda kama asilimia 15. Walihesabu nyutroni, joto hawakuligusa. Na wenyewe walisema wazi: umeme ulioingia wati 15, nishati iliyotoka sehemu moja ya bilioni ya wati.