Used to na would: jinsi ya kusema ulichokuwa unafanya zamani kwa kiingereza

Shida yetu waswahili inaanzia kwenye "nilikuwa". Ukisema "nilikuwa naenda kwa bibi" inabeba yote, labda ulikuwa njiani siku hiyo, labda ndo ilikuwa kawaida yako kila likizo, msikilizaji anajiongeza mwenyewe kutokana na stori. Sasa ukiihamisha ivo ivo unapata "I was going to my grandmother's" na mwenye lugha yake anaelewa ulikuwa njiani au ulikuwa umepanga kwenda, anabaki anasubiri umwambie kilitokea nini. Kawaida ya zamani kwa kiingereza ina njia zake.

Ya kuaminika zaidi ni used to. Unaiweka afu unafuatisha kitenzi kitupu, bila ing bila ed: "I used to sell maandazi at school". Maana yake ulikuwa unauza, siku hizi huuzi. Haibadiliki, iwe I, she au they ni hiyo hiyo, na kwenye kuongea hawatamki maneno mawili, inatoka kama "yustu". Kwenye kukanusha na kuuliza ile d inaondoka kwa sababu did imeshabeba wakati uliopita: "I didn't use to like coffee", "Did you use to live in Tanga?" Utaikuta na d hata kwa waingereza wenyewe, ila kwenye mtihani we andika bila d ulale salama.

Halafu hii "I use to wake up at five" mtu akimaanisha huwa naamka saa kumi na moja, jamani hapana. Used to haina wakati wa sasa. Sema "I usually wake up at five" basi. Na "I am used to waking up early" ni kitu kingine kabisa, hiyo ni nimezoea, ndo maana ina ing.

Sasa would, hapa ndo patamu. Would inapenda stori, ila inataka kwanza uwe umeshamwambia mtu ni zamani gani unaongelea. Ukiibuka tu na "I would play football" anasikia "ningecheza" na anasubiri if yako. Kwa hiyo fungua na used to, ukishaeleweka endelea na would: "When I was small we used to spend the holidays in Lushoto. My grandmother would wake us up before sunrise, we would fetch water, then she'd make ginger tea." Ukirudia used to kila sentensi haitakuwa kosa, inachosha tu.

Pia would inashika vitendo vinavyojirudia, haishiki hali. Kuwa na kitu, kupenda, kujua, kuishi mahali, hivyo vyote mpe used to. "I would have a bicycle" inasikika ningekuwa na baiskeli, wakati ulitaka kusema "I used to have a bicycle".

Wouldn't nayo ina mtego ambao naona haufundishwi vya kutosha. "My brother wouldn't eat beans" mara nyingi inasikika kama aligoma, umembembeleza kakataa. Kama hakuwa tu na kawaida ya kula maharage sema "didn't use to eat" au "never used to eat". Na ukikutana na I'd angalia kinachofuata, "I'd go" ni would, "I'd gone" ni had.

Ukitaja idadi au muda kamili achana na zote mbili. "I used to live in Dodoma for three years" haikai, sema "I lived in Dodoma for three years", na "I went to Zanzibar four times" vile vile.

Ukitaka ikae kichwani andika stori fupi ya utotoni, sentensi ya kwanza used to, zinazofuata would, afu weka siku moja mambo yalipoharibika, "One morning the goat ate my uniform", hiyo ni past ya kawaida kwa sababu ilitokea mara moja. Isome kwa sauti, na kila penye would jaribu kuielewa kwa "nge" ya kiswahili, kama ile "ningecheza", kama sentensi inakubali kirahisi bila kujulikana ni zamani basi hujaweka wakati vizuri, rudi juu ukarekebishe ile ya kwanza.