Kutuma pakiti kwenye kituo cha anga ukiwa Dar: sikio kwanza, kitufe baadaye

Kituo cha Anga cha Kimataifa hupita kwenye upeo wa Dar karibu mara nne kwa siku, kikiwa kilomita 400 na kitu juu ya ardhi. Ndani yake kuna redio ya ridhaa, yaani ya wanaredio wanaorusha kwa mapenzi yao na si kwa biashara, ambayo mara nyingi huachwa imewashwa usiku na mchana. Ukituma pakiti, yaani ujumbe mfupi wa maandishi, kwa redio ya mkononi ya wati 5, kituo kinaupokea, kinaurusha tena papo hapo, na mtu aliye Johannesburg au kisiwa cha Réunion anausoma. Hakuna bando, hakuna mnara wa simu katikati. Mimi ni mama, fundi simu wa Kariakoo ninayeishi Kigamboni, na jambo hili nalipenda kuliko kifaa chochote kilichowahi kupita mezani kwangu. Naandika kwa mtu anayetaka kulifanya kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa mjini.

Unayewasiliana naye kwa njia hii ni mashine. Wanaanga nao huongea kwa sauti, hasa na shule, na sauti yao hushuka kwenye megahezi 145.800, desturi hiyo ilianza mwaka 1983, Owen Garriott alipowaita wanaredio wa duniani akiwa ndani ya chombo Columbia. Pakiti ziko kwenye megahezi 145.825, kwenda na kurudi kwenye masafa hayo hayo, kwa kasi ya baudi 1200. Herufi zako hugeuzwa kuwa milio miwili, wa hezi 1200 na wa hezi 2200, inayopishana haraka sana. Sikioni inakuja kama mkwaruzo mfupi wa chini ya sekunde moja. Mfumo wa ujumbe unaitwa APRS, nao aliuanzisha Mmarekani Bob Bruninga.

Kabla ya yote, leseni. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa kisheria, na usikubali mtu akuambie "utajulikana wapi". Nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, jengo la Mawasiliano Towers barabara ya Sam Nujoma, uulizie leseni ya redio ya ridhaa. Utapewa alama ya wito, yaani jina lako la hewani, inayoanza na 5H, na alama hiyo inakwenda ndani ya kila pakiti utakayotuma. Nakala ya leseni iwe kwenye mkoba wako siku zote. Mtu aliyesimama ufukweni jioni ameelekeza michuma angani ataulizwa maswali, na ni haki aulizwe. Jibu kwa upole, onyesha karatasi. Maeneo ya bandari, kivukoni na karibu na Ikulu usiyafikirie kabisa.

Redio yoyote ya FM ya bendi ya mita 2, yaani yenye masafa haya ya megahezi 145, inatosha. Wengi wetu tunaanza na Baofeng UV-5R, nami sina neno baya juu yake kwa kazi hii, mradi uirekebishe: zima kipengele cha kubana betri, maana kinailaza redio na pakiti inapita ikiwa bado inaamka, zima kusikiliza masafa mawili kwa zamu, weka upana mkubwa wa mawimbi, na skwelchi, kile kinachonyamazisha redio pasipo na mawimbi, iteremshe hadi sifuri. Utasikia mvumo muda wote. Vumilia, kwa sababu skwelchi ikisubiri kufunguka inakula mwanzo wa pakiti, na pakiti iliyokatwa mwanzo programu inaitupa yote.

Antena ndiyo ya kuitolea jasho. Ile fupi inayokuja na redio itakusikilizisha kituo kikiwa juu kabisa, lakini kurusha nayo ni kubahatisha. Tengeneza Yagi, antena ya kuelekeza, ya vipande vitatu kwa futi ya chuma ya fundi seremala na bomba la maji la plastiki. Vipimo ni hivi: kipande cha nyuma sentimita 105, cha katikati kimekatwa nusu mbili, kila moja sentimita 45, zikiachana kama sentimita 2.5, cha mbele sentimita 89. Kutoka cha nyuma hadi cha katikati acha sentimita 20, kutoka cha katikati hadi cha mbele sentimita 32. Vibane kwenye bomba kwa klempu za mpira wa gesi. Kwenye zile nusu mbili lehemu waya wa sentimita 12.5 uliokunjwa umbo la U, mguu mmoja nusu hii na mwingine nusu ile, kisha hapo hapo lehemu waya wa antena: wa kati upande mmoja, wa nje upande wa pili. Rangi ya futi ikwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae, ipake lehemu kwanza kabla ya kuunga. Haitashika vinginevyo, hata pasi yako iwe moto namna gani. Kwenye chumvi ya pwani yetu funika maungio kwa silikoni siku hiyo hiyo.

Uzuri wa futi ni kwamba inakunjika. Naivukisha antena yangu kwenye pantoni ikiwa imekunjwa chini ya kwapa, na nikifika inajinyoosha yenyewe.

Sasa kuunganisha redio na simu au kompyuta. Kwa kusikiliza tu, njia rahisi kuliko zote ni simu ya Android yenye programu ya APRSdroid: weka maikrofoni ya simu karibu na spika ya redio, na maandishi yatatokea. Fanya hivyo mipito kadhaa, yaani kituo kikipita mara kadhaa, kabla ya kufikiria kurusha. Kwa kurusha unahitaji waya. Sauti ya kutoka tundu la hedifoni ni kubwa mno kwa maikrofoni ya redio, kwa hiyo ipunguze kwa rezista mbili, kilo-ohm 10 kwa mfululizo na kilo-ohm 1 kwenda waya wa chini (graundi), na kapasita ya mikrofaradi 1 upande wa redio kuzuia umeme wa maikrofoni usirudi. Upande wa pili, simu haitakubali kuwa kuna maikrofoni ya nje mpaka ione ukinzani, kwa hiyo weka rezista ya ohm 2,200 hivi kati ya pini ya maikrofoni na ya chini. Vitu hivi vyote vimo kwenye bodi mbovu zinazolala kwenye ndoo za mafundi Kariakoo, omba, utapewa.

Wengi hupenda VOX, redio ijirushe yenyewe ikisikia sauti. Kwa pakiti za hapa mjini sawa. Kwa kituo cha anga siipendekezi, na sababu ni moja: VOX huendelea kushikilia kitufe muda kidogo baada ya sauti kwisha, na kituo cha anga kinajibu mara moja kwenye masafa yale yale. Redio yako inakuwa bado inarusha wakati pakiti yako inarudi. Imefika, imerudishwa, imesikika Afrika Kusini, na wewe peke yako hukuisikia. Ukiwa na kompyuta ndogo, tumia programu ya Direwolf, na kitufe cha kurusha kiendeshwe na transista ya 2N2222 inayopata amri kutoka waya wa USB wa siriali, rezista ya kilo-ohm 1 kwenye besi yake. Kitufe kinaachia mara tu data inapokwisha.

Kwenye programu, njia ya pakiti iwe neno moja tu: ARISS. Futa njia za ardhini zinazowekwa kiwandani. Ujumbe wenyewe uwe mfupi, kwa mfano:

5HXXX>CQ,ARISS:=0646.00S/03917.00E-Habari kutoka Dar KI93

Weka alama yako mahali pa 5HXXX. CQ ni wito kwa yeyote anayesikia. Namba hizo ni digrii na dakika za Coco Beach. Tumia za mahali unaposimama. KI93 ni mraba wa ramani wa wanaredio unaoihusu Dar, na watu wa mbali wanaupenda kwa sababu hawausikii mara nyingi.

Tuje kwenye muda. Pakua Gpredict kwenye kompyuta au ISS Detector kwenye simu, na hakikisha data za obiti ni za wiki hii, kwani kituo husukumwa juu mara kwa mara na data za zamani hukudanganya dakika nzima. Ratiba nyingi huandikwa kwa UTC, saa za kimataifa. Ongeza 3, upate saa za hapa, kisha ugeuze kwa hesabu yetu: 16:12 ni 19:12, yaani saa 1:12 usiku. Iandike hivyo kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, maana hesabu hii haifai kufanywa gizani.

Sisi tulio karibu na ikweta tunapata mipito michache kuliko watu wa Ulaya, na kwa kawaida inakuja miwili miwili, ikipishana kama saa moja na nusu. Wa kwanza hupita upande wa bahari, wa pili upande wa bara, kwa sababu dunia imezunguka kidogo kuelekea mashariki. Mpito wenyewe huchukua dakika 11 hivi au pungufu. Ukiwa unatoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, matumaini yako ni dakika za mwanzo, kituo kikiwa bado kinaonwa na Afrika Kusini na Zambia, na zile za mwisho, kikianza kuonwa na nchi za Ghuba. Ukiwa unatoka kaskazini-magharibi, subiri mwishoni: Madagaska na Réunion ziko kwenye njia. Kituo kinapochomoza kiko kilomita zaidi ya 2,300 kutoka kwako, na eneo linalokiona kwa wakati mmoja lina upana wa kilomita 4,500 hivi. Kwa hiyo mpito wa chini, wa nyuzi 20 juu ya upeo, usiudharau ukiwa mahali palipo wazi. Mara nyingi ndio unaokuunganisha na mbali zaidi.

Pa kusimama: Coco Beach na fukwe za Kigamboni ni wazi kabisa upande wa mashariki. Upande wa magharibi paa la ghorofa ni bora. Epuka paa lenye inverta za sola na taa za LED za bei ya chini, kwani mvumo wao unaziba mkwaruzo dhaifu wa mwanzo.

Hakikisha pia kwamba redio iko kwenye pakiti. Huzimwa wanaanga wanapotoka nje au chombo kinapotia nanga, na wakati mwingine huwekwa kazi ya ripita, yaani kurudisha sauti badala ya pakiti. ARISS, shirika linalosimamia redio hizo, hutangaza hali yake.

Fanyeni kazi wawili. Binti yangu anashika antena, mimi naangalia skrini. Anaanza upande inakochomoza, na mkwaruzo ukififia anazungusha kiganja taratibu, kwa sababu mawimbi hubadilisha mlalo kituo kinapojigeuza kwetu. Mawimbi yanahama pia hadi kilohezi 3.5, juu kikija na chini kikienda. Pakiti za FM huvumilia hilo. Ukitaka kusaidia mwanzo wa mpito, sikiliza kwenye 145.8275 na rusha kwenye 145.8225, kisha rudi 145.825 kikiwa juu.

Usirushe mpaka uwe umesikia angalau pakiti moja kamili. Hii ndiyo kanuni ninayoisimamia kuliko zote. Kituo kina sikio moja kwa eneo lote la kilomita 4,500, na ukirusha huku hukisikii unaziba mtu mwingine ambaye kituo kilikuwa kinamsikia. Ukishasikia, ngoja kimya, tuma mara moja, ngoja. Haijarudi, hesabu nusu dakika utume tena. Usiwashe kamwe utumaji wa kujirudia ukaondoka.

Pakiti yako ikirudi utaijua kwa mstari huu:

5HXXX>CQ,RS0ISS*:=0646.00S/03917.00E-Habari kutoka Dar KI93

RS0ISS na NA1SS ni alama za wito za kituo, na nyota baada ya mojawapo maana yake kituo chenyewe kimeirusha. Ukiona alama ya mtu mwingine ikiwa na nyota hiyo hiyo, mwandikie yeye moja kwa moja kwa sehemu ya ujumbe ya programu: alama yake, mraba wako, "umesikika", basi. Akijibu kwa kutaja alama yako, jibu "asante 73" (73 ni salamu ya kuagana ya wanaredio) kabla kituo hakijazama, kwani mawasiliano huhesabiwa yakikamilika pande zote mbili. Kisha andika daftarini alama yake, tarehe na saa ya UTC, masafa, na mraba wake. Ukiwa na intaneti baadaye fungua ariss.net uangalie kama vituo vya ardhini navyo viliinasa pakiti yako. Mpito wa pili uko saa moja na nusu mbele, kwa hiyo chaji redio sasa.