Prosesa ya kuendesha seva ya Minecraft huku unacheza kwenye kompyuta hiyo hiyo

Seva ya Minecraft hupiga mizunguko 20 kwa sekunde, kwa hiyo kila mzunguko una milisekunde 50 tu za kumaliza shughuli zake: mazombi watembee, maji yatiririke, mitambo ya redstone (umeme wa ndani ya gemu) iwake na kuzima. Karibu mzigo huo wote hubebwa na uzi mmoja (mfululizo mmoja wa maagizo), juu ya kori moja, yaani kitengo kimoja cha kazi ndani ya prosesa. Muda ukizidi, kori nyingine haziwezi kuupokea, na kila aliyeingia ataona tofali alilolivunja likirudi mahali pake.

Hapo ndipo Xeon (prosesa za seva za Intel) kuukuu za bei ya kutupa zinapowaponza wengi. E5-2680 v4 ya mwaka 2016 ina kori 14, lakini haivuki GHz 3.3. Ryzen 5 5600 yenye kori 6, inayofika GHz 4.4, huiacha mbali kwa kazi hii. Tazama kwanza kasi ya kori moja, idadi baadaye.

Idadi yenyewe ihesabu hivi: seva iachie kori 2 au 3, kwa ajili ya uzi mkuu, kutengeneza ramani mpya na Java kusafisha memori. Zinazobaki ni za gemu na Windows. Kwa marafiki wachache kori 6 zinatosha. Ukipenda kucheza gemu nyingine nzito wenzako wakiwa ndani ya seva, chukua kori 8: Ryzen 7 5700X kama ubao mama wako ni wa soketi ya AM4, au 7800X3D ukimudu soketi mpya zaidi ya AM5 na memori ya DDR5. Kashe ya 7800X3D (memori ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96 huzifaa seva na gemu pia.

Kwa Intel, kuwa mwangalifu na kori ndogo, zile za polepole za kuokoa umeme. Core i5-12600K ina kubwa 6 na ndogo 4, na Windows huweza kuisukuma seva kwenye ndogo kwa kuwa dirisha lake limefunikwa na gemu. Aina za K za kizazi cha 13 na 14 zisasishie BIOS (programu ya ubao mama) kwanza. Zilikuwa na hitilafu ya volteji iliyothibitishwa 2024, na iliyokwisha kuharibika haiponi kwa sasisho. Mtumba wa aina hizo bora uuache.

Memori: GB 16 ndiyo mwanzo, GB 32 ukiweka modi (nyongeza za gemu) nyingi.

Kwenye prosesa ya kori 8 na nyuzi 16, ipe seva kori 3 za mwisho kwa amri hii ya Windows (FC00 ndiyo inayotaja kori hizo):

start "" /affinity FC00 java -Xms4G -Xmx4G -jar server.jar nogui

Kwenye 12600K amri hiyo ingeipa seva kori kubwa 1 tu na ndogo zote 4. Huko tumia FC0, yaani kori kubwa 3 za mwisho.

Kisha weka spark, nyongeza ya kupima kasi ya seva, na uandike /spark tps. Mzunguko ukikaa chini ya milisekunde 40, uko salama. Ukipanda pale tu mtu anaporuka kwa elytra (mabawa ya ndani ya gemu) kwenda nchi mpya, usikimbilie kununua prosesa: ni ramani inayotengenezwa. Itengeneze mapema kwa nyongeza ya Chunky, usiku watu wakiwa wamelala (chunky radius 3000, halafu chunky start). Ukiwa juu muda wote, punguza simulation-distance (umbali ambao seva huendesha shughuli kumzunguka mchezaji) kutoka 10 hadi 6 ndani ya server.properties, uiwashe seva upya, upime tena.