Namna ya kuielewa get bila kukariri kamusi nzima

Kama uko Kampala na Kiswahili ndo lugha yako ya nyumbani, uwe umetoka Goma, Busia au Arua, hako kaneno ka Kiingereza, get, utakasikia toka asubuhi mpaka usiku na kila saa kanamaanisha kitu kingine. Shuleni tuliambiwa get ni kupata, basi, tukaandika kwenye daftari. Halafu mtu anakwambia "I got home late" unabaki unajiuliza huyu amepataje nyumba usiku wote huo.

Dawa yake ni hii: usiulize get maana yake nini, angalia nini kimekaa baada yake. Kama kuna jina, sifa, mahali, mtu au kitendo, hicho ndo kinakupa maana, get yenyewe iache. Na kabla hatujawacheka wenye lugha yao tukumbuke pata yetu nayo ina vituko, unapata kazi, unapata malaria, "unanipata?" kwenye simu ni unanielewa, na kisu butu tunasema hakipati.

Tuanze na rahisi. Get ikifuatwa na kitu, hapo ni kupata, kupokea au kuleta: "I got a job", "I got your message", "get me some water" yaani niletee maji. Hapa pata inatosha karibu kila mahali, ila mitego miwili. Sisi tunapata ajali, basi tunasema "I got an accident" na Uganda nzima inakuelewa, lakini Mwingereza anasema "I had an accident". Na dada akijifungua usiseme "she got a baby", kwao inasikika kama alipewa au alimwokota mahali, sema "she had a baby". Malaria haina shida, "I got malaria" iko sawa kabisa.

Sasa get na sifa, hapa ndo utamu ulipo na ndo watu wengi wanapotea. "Get tired", "get angry", "get dark", "get old". Hakuna kupata hapo, ni kubadilika kutoka hali moja kwenda nyingine. Watu wanachanganya "I am tired" na "I am getting tired" kumbe Kiswahili chetu kina tofauti hiyohiyo ndani ya kitenzi, hatuioni tu kwa sababu tumezoea. Sikiliza mdomo wako: ukisema nimechoka, hali imeshakamilika, hapo weka am. Ukisema naanza kuchoka, hali iko njiani inakuja, weka getting. Giza limeingia, "it is dark". Giza linaingia, "it is getting dark". Ameolewa, "she is married". Anaolewa Jumamosi, "she is getting married on Saturday". Yaani -me- inaenda kwa be (am, is, are), -na- inaenda kwa getting. Si kwa kila kitenzi duniani, lakini kwa hizi sifa za mwili, za moyo na za hali ya hewa inafanya kazi vizuri mno, jaribu na kukasirika, kuzeeka, kulowa, utaona. Na hapohapo kwenye ndoa, sisi tunasema ameolewa na fulani kwa hiyo ulimi unataka kusema "with". Hapana, ni "married to".

Kuna moja ya kwetu hapa inachekesha. Mtu hamjaonana miezi, unamwambia umepotea wewe! Wakampala wanasema kwa Kiingereza "you got lost!" na mwenzako anacheka mnakumbatiana. Ukimwambia hivyo mgeni aliyeshuka Entebbe juzi atafikiri unamuuliza kama alikosea njia. Na ukiondoa you na got ikawa get, ikabaki "get lost!" hilo ni tusi, ni kumwambia mtu potelea mbali, kwa hiyo kuwa makini na hiyo you.

Mahali, haraka haraka. Get na mahali ni kufika. "What time did you get to Jinja?" Jinja inataka to, lakini home, here na there hazitaki, "get home", "get there", ukiweka to hapo umeharibu. Uganda tumezoea "I have reached" peke yake, nimefika, hapa inapita bila swali, ila kwa Kiingereza cha kwao reach inataka utaje ulipofikia, kwa hiyo kwenye simu wao wanasema "I'm here" tu yakaisha.

Twende kwenye ile ya watu, na hii ndo itakutoa kwenye Kiingereza cha darasani. Angalia hizi mbili:

"I got the fundi to fix my phone."
"I got my phone fixed."

Ya kwanza umemtaja mtu, kwa hiyo baada yake inakuja to na kitendo kibichi, maana yake nilimbembeleza, nilimshawishi, nilifanya mpango fundi akatengeneza. Kulikuwa na maneno maneno kidogo. Ukitumia make hiyo to inaondoka na maana inakuwa nguvu, "I made him fix it", nilimlazimisha. Konda akikaa na chenji yako ukaongea naye vizuri mpaka akarudisha, hiyo ni "I got him to give me my change". Ukipiga kelele taksi nzima ikageuka kumwangalia, hiyo ni made.

Ya pili fundi hatajwi, unaanza na kitu halafu kitendo kilichoshaisha: fixed, washed, plaited. Hii ni ile yetu ya kufanyiwa, nimetengenezewa simu, nimesukwa nywele, nimeoshewa gari. Sasa wengi hapa wanasema "I plaited my hair in Wandegeya" na anayesikiliza anakuona umekaa na kioo unajisuka mwenyewe mpaka kisogoni. Sema "I got my hair plaited". Wenyewe wanavunja hii sheria wakienda kinyozi, "I cut my hair" wanasema kila siku na hakuna anayefikiri walishika mkasi, lakini simu, gari na meno ya kung'olewa usijaribu.

Kutoka hapo kwenda kutendwa ni hatua moja. "I got robbed", niliibiwa. "I got paid", nililipwa. Ungeweza kusema "I was robbed" na maana ni ileile, ila got ina ladha ya jambo lililokukuta, zuri au baya, na ni ya mdomoni zaidi. Usiipeleke kwenye vitenzi vya hali, "the house got owned by him" haisemwi.

Get ikifuatwa na to na kitendo, furahi, maana tunayo neno kwa neno: nilipata kuwaona sokwe Bwindi, "I got to see the gorillas in Bwindi". Ni nafasi, bahati. Shida ni ndugu yake "I've got to", ambayo ni lazima. "I've got to go", lazima niende. Mtu akiongea mbio ile 've inamezwa unasikia "I got to go" au "gotta go", hapo angalia kama anaongelea jana au anachukua begi lake. "I've got" bila to ni kuwa na kitu tu: "I've got two kids", nina watoto wawili, wala haina habari ya wakati uliopita ingawa ina sura hiyo. Mmarekani ana gotten pia, "I've gotten a job" kwake ni nimeshapata kazi, lakini Kiingereza cha shule zetu ni cha Uingereza, andika got.

Zile zenye mkia ni nyingi, hizi tu zinatosha kuanzia: get up kuamka, get along kuelewana, get over kupona au kusahau machungu, get away with kufanya kosa usiguswe, get by ile ya kusukuma siku. Za usafiri zina kanuni yake, boda, basi na ndege ni get on na get off, gari dogo ni get in na get out. Taksi zetu za abiria 14 utasikia zote mbili. "Enter the taxi" tumeitoa kwenye ingia, wao wanatumia get.

Kwenye barua ya kuomba kazi punguza get. Haina kosa la grama, inavaa kandambili tu. "I got your letter" igeuze iwe received, "got my diploma" iwe obtained, "it got difficult" iwe became. Kwenye WhatsApp irudishe yote.