Namna ya kutumia neno "mzigo" bila kujitafutia balaa

Mwaka jana, mwezi wa sita, binti wa dada yangu anayenisaidia kuuza viazi hapa Uyole, Mbeya, alipiga picha akiwa mbele ya magunia, akaiweka kwenye status na maneno haya: "Mzigo mpya umeingia. Mzigo wa ukweli, njoo uuone mwenyewe." Magunia yenyewe yalionekana kwa mbali. Aliyeonekana vizuri ni yeye, tena kasimama ubavu, kageuza uso. Kufika saa tatu usiku simu ilikuwa imejaa. "Mzigo nimeuona." "Unauza jumla au rejareja?" Mmoja aliuliza kama anaruhusiwa kuonja kwanza. Binti alilia. Akaniuliza, "Mama mdogo, nimekosea wapi? Si neno tunalolisema kutwa?"

Ni kweli, tunalisema kutwa. Nilichomweleza usiku ule ndicho ninachokiandika, kwa sababu wanaoanza biashara ni wengi na neno hili hawawezi kulikwepa.

Kwanza lijue neno lenyewe. Kwetu sokoni mzigo ni kile kilichomo kwenye gari. Mzigo umepanda, maana yake umeshapakiwa. Mzigo umelala, gari halikuondoka jana. Mzigo unatembea, unanunuliwa haraka. Mzigo umechoka, viazi vimeanza kusinyaa, punguza bei kabla havijaoza. Vijana wakisema wako mzigoni wanamaanisha kazini, na kupiga mzigo ni kufanya kazi. "Toa mzigo" mezani ni pesa. Kanisani tunasomewa Mathayo 11, wenye kulemewa na mizigo waitwa wapumzishwe. Hata siasa imelitumia: mwaka 2013 Abdulrahman Kinana, wakati huo Katibu Mkuu wa CCM, alizungumzia "mawaziri mizigo", na nchi nzima ikaelewa kwamba ni wale wanaobebwa na wenzao.

Halafu kuna maana mbili za mtaani. Ya kwanza ni makalio ya mwanamke, hasa yakiwa makubwa. Ya pili ni tendo lenyewe la kitandani. Sizitaji kwa kupenda, ila usipozijua utaitikia salamu usiyoielewa.

Sasa utazitofautishaje? Sikiliza kitenzi. Mzigo unaoingia, unaopanda, unaoshuka, unaolala, kwa kawaida huo ni wa gari. Mzigo ambao mtu "amepewa", "amenyimwa" au "amekula", huo si wa gari. Na ukisikia "ana mzigo" bila kutajwa mzigo wa nini, basi anayesemwa ni mtu na umbo lake.

Kipimo cha pili nimekigundua mwenyewe kwa miaka ya kukaa sokoni, na mpaka leo hakijanidanganya: angalia umoja na wingi. "Mizigo yako iko wapi, dada?" Hakuna atakayecheka. "Mzigo wako uko wapi, dada?" Hapo wapagazi wote wanageuka. Maana ya matusi hukaa kwenye umoja, kwa sababu mtu ana mwili mmoja. Ukiwa na shaka, tumia wingi. Konda anayemwambia abiria wa kike "mizigo yako itakaa buti" amesalimika, na akisema "begi lako" amesalimika zaidi.

Cha tatu ni mwenye mzigo. Neno hili likikaa karibu na jina au picha ya mwanamke, bila kutaja kilichomo, linabadilika papo hapo. Niliona kwenye sherehe ya mavuno, pale waumini wanapoleta mazao na kuyanadi. Mzee mmoja mwenye heshima zake, aliyetaka tu kunadi debe la maharage, alisimama akasema, "Mama huyu ametuletea mzigo wake, nani anautaka?" Vijana wa kwaya wakainama chini. Yule mama, mjane wa watoto wanne, akarudi kukaa na kanga ameivuta mpaka usoni. Mzee hakuwa na nia mbaya hata chembe. Angesema "maharage haya, debe moja," mama angerudi kwenye kiti chake akitabasamu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: taja kitu, taja idadi, taja mahali, na mtu mtoe kwenye sentensi. "Viazi vya Isongole, aina ya Kikondo, magunia 40, vipo Uyole." Ukiisoma hiyo mbele ya baba mkwe wako hutatafuta pa kujificha. Neno mzigo likihitajika lifungie mlango: mzigo wa viazi, mzigo wa ndizi za Tukuyu, mzigo wa mchele wa Kyela. Hilo neno dogo "wa" ndilo kinga yako.

Watu wa muziki wanafanya kinyume chake, nao wanajua wanachofanya. Mshairi wa mafumbo huchukua neno safi la kazini au la jikoni na kulivua lile neno dogo "wa", ili redio ilipige na msikilizaji amalizie mwenyewe. Taarabu imefanya hivyo tangu zamani, Bongo Fleva imefuata. Mwaka 2016 serikali ilifungia video ya mwimbaji Snura ya wimbo "Chura", na tangu hapo jina la mnyama wa bwawani, ambalo mtaani ni makalio, halikurudi salama. Mwalimu wa sayansi akilitamka, darasa linacheka. Mwaka 2018 kijana wetu wa hapa Mbeya, Rayvanny, akiwa na Diamond Platnumz, alifungiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) wimbo "Mwanza", na kilichozua kelele ni namna walivyolichezea jina la Nyegezi. Nyegezi ni mahali, kule Mwanza, watu wana nyumba zao pale! Makonda wanaliita kila siku na hakuna anayeshtuka. Kilichobadilisha jina ni mkato wa sauti na tabasamu la mwimbaji. Mimi sina ugomvi na fumbo, ni utajiri wa lugha yetu, na kwenye kitchen party ya watu wazima nacheka mpaka machozi yanitoke. Ila mshereheshaji ajue nani amekaa mbele yake. Kukiwa na watoto au wakwe, maneno ya aina hiyo ayaache nyumbani.

Na likikupata, mtu akakurushia neno hilo ukiwa kazini? Usicheke ili mambo yapite, ukicheka amekuzoea. Usitukane pia, maana hapo anapata alichokuja kukitafuta. Lirudishe neno kwenye viazi. Nilimfundisha binti kwa kumwigizia: mtu akisema "Dada, mzigo huo bei gani?" huku macho yake yako kwingine, shika gunia, mtazame usoni, mwambie bila tabasamu, "Gunia elfu sabini, kaka. Unachukua mangapi nimwite mpakiaji?" Aliyekuja kununua atajibu. Asiyekuja kununua hukumbuka ghafla kwamba ana haraka. Akirudia mara ya pili, mwite mwenyekiti wa soko, hilo si neno tena, ni unyanyasaji.

Siku hizi binti hajipigi picha na magunia. Huchukua kiazi kimoja, hukikata kwa kisu, akakipiga picha kiganjani ili weupe wa ndani na unyevu wake uonekane, ukucha wake wa gumba ukiwa na udongo. Chini anaandika: "Viazi vimeshuka alfajiri, magunia 32, havina matundu." Mara ya kwanza alipoiweka, ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mama mmoja muuza chipsi wa Tunduma: "Shikamoo kwa mama mdogo wako. Niwekee manane."